Tenda ya usafi Lamu: hayo malori yatapita wapi?

Wanajamvi, nimekasirika na sifichi.

Tenda ya kuzoa taka mji wa kale imetupita, na kilichotuangusha ni sharti la kuonyesha logbuku (hati za umiliki) za malori mawili. Malori! Katika vichochoro hivi, punda wawili wenye shehena wakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma. Taka za Langoni na Mkomani huzolewa kwa punda na mkokoteni, hata mtoto mdogo wa hapa anajua. Aliyeandika sharti lile ama hajawahi kushuka jetini, ama alijua fika nani ana malori.

Kikundi chetu cha kina mama na vijana kina cheti cha AGPO (mpango wa serikali wa kuwapa tenda wanawake, vijana na walemavu), leseni ya kubeba taka ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na cheti cha ushuru. Siku ya kufungua zabuni bei zilisomwa hadharani, yetu ikawa chini ya bei ya waliopewa tenda. Lakini ukikosa karatasi moja ya lazima unatupwa hatua ya kwanza, bei haitazamwi tena. Hila yenyewe ndiyo hiyo.

Na barua? Mstari mmoja: hamkufaulu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka aliyekosa aelezwe sababu. Sisi sababu tumeambiwa mlangoni, kwa mdomo, na karani ambaye hata kiti hakututolea.

Sheria hiyo hiyo imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa wanawake, vijana na walemavu. Tunachoachiwa ni kalamu na chai ya mikutano. Kazi zenye pesa zinakwenda bara, kisha kampuni inakuja kukodi punda wetu na kuwalipa vijana wetu kibarua cha siku. Wakati kusi inajaza ufuo wa Shela chupa na ndara, tunaookota bure ni sisi!

Malalamiko hupelekwa kwa bodi ya rufaa za zabuni, Nairobi, ndani ya siku 14 tangu kuarifiwa, na mkataba haufai kutiwa sahihi kabla siku hizo hazijaisha. Siku zinakwenda. Aliyewahi kufika huko aniambie ada ni kiasi gani na karatasi zipi hutakiwa. Wakili yeyote wa Lamu au Malindi aliye tayari kutusimamia, tafadhali ajitokeze leo. Twataka sharti la malori lifutwe na tenda itangazwe upya.