Faida ilipakiwa kwenye tipa, kufukia shimo eti ni msaragambo, kazi ya pamoja bila malipo!

Wakuu, heshima mbele. Mods naomba uzi uachwe hapa hapa, msiupeleke kule kwa mazingira ambako hakuna anayechungulia.

Niko Arumeru, pembezoni mwa jiji la Arusha. Kijijini kwetu kuna shimo la moramu, ile changarawe ya barabara, lililochimbwa miaka na miaka. Mwenye leseni kaondoka na kijiko chake, yaani mtambo wa kuchimbia, katuachia ukuta umesimama wima, na chini dimbwi. Masika watoto wanaogelea mle. Machimbo ya Moshono, hapa hapa Arusha, mmeshayasahau? Aprili 2013 kifusi kiliporomoka kikafukia wachimbaji, wakafa watu zaidi ya kumi. Ukuta wetu ni wa aina ile ile, na mbuzi wanachungwa ukingoni.

Basi tukaitwa mkutano wa "kurejesha ardhi". Mgeni kaja na projekta, maandishi yote Kiingereza, na waliokaa mbele ni bibi zetu wa Kimeru. Mzee mmoja akanyoosha mkono aeleze maji ya masika yanashukia wapi, akaambiwa maswali mwishoni. Mwishoni ikaja soda na karatasi ya mahudhurio. Tukasaini. Baadaye tunasikia ile karatasi imeambatanishwa kwenye ripoti kuwa ndiyo ushahidi kwamba wananchi wameridhia mpango. Mpango upi? Hata mwenyekiti wa kitongoji hana nakala!

Wenye mpango wakaja kupanda miti Januari, jua linachoma. Wakachomeka miche ya mikaratusi juu ya moramu tupu, fulana mpya, picha, gari hilooo. Mtoto wa darasa la tatu huku anajua miche husubiri mvua. Na wangeuliza wangeambiwa jambo kubwa zaidi: ule udongo mweusi wa juu, ambao huwekwa pembeni kabla ya kuchimba ili urudishwe mwishoni, uliuzwa tipa kwa tipa kwa watu wa bustani za maua mjini. Kijiji kizima kiliona. Ukuta nao haukulazwa uwe mteremko hata kidogo. Mvua zilipoanza maji yakapita pale pale mzee alipotaka kusema, yakabeba miche yao na kipande kizuri tu cha shamba la jirani yangu.

Sasa wamerudi na jipya: kila Jumamosi tutoke na majembe tufukie wenyewe. Jembe la mkono lilaze ukuta uliochongwa na kijiko? Hii ni dharau.

Na asije mtu hapa kusema machimbo hayaponi. Bamburi, Mombasa, machimbo ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa mwaka 1971. Pale ulibaki mwamba mtupu wa matumbawe, hakuna udongo. Wakajaribu aina 26 za miti, chache zikashika, mivinje ikiwemo. Wakaleta jongoo ili wale majani yaliyopukutika, udongo ukaanza kujijenga. Leo watu wanalipa kiingilio kutembea mle. Wale waliangalia kwanza nini kinakubali kuota. Kwetu mringaringa na migunga inajiotea yenyewe kingo za korongo, na kina mama wa vitalu mbegu wanazo. Vijana waliokuwa wakipakia tipa kwa koleo wako kijiweni, hiyo ndiyo ajira yao, walipwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamepewa uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira. Migodi mikubwa hudaiwa dhamana ya ukarabati, fedha ya kurejesha ardhi. Haya mashimo ya moramu yanayotuzunguka, nani kaweka shilingi yake wapi?

Tunachotaka: mpango usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wataalamu wazunguke shimo na wazee kabla mtu hajasaini chochote, na kijiko kirudi kwa gharama ya aliyechimba.

Wanasheria mliomo humu, swali langu ni hili: wanakijiji wenyewe tunaweza kuomba ile amri, au lazima ipitie halmashauri? Na ile karatasi ya mahudhurio tunaikanaje?