"Wahudumu wa ndege": rubani yumo au hayumo?

Mfasiri wa Usiku
Wakuu, nisaidieni. Natafsiri habari, na jana nimekwama kwenye ndege yenye watu 186. Nikaandika "abiria 180 na wahudumu sita". Mhariri kanirudishia na swali moja pembeni: "Marubani wako wapi?" Namwambia wamo humo humo kwenye sita, hataki. Sasa mhudumu wa ndege ni yeyote aliye kazini humo ndani, au ni yule wa kusukuma kigari cha chai tu?

Mkanda Kiunoni
Mhariri wako yuko sahihi. Nimeifanya kazi hiyo miaka tisa na sijasikia rubani akijiita mhudumu. Ndege ya viti 180 kwa kawaida ina marubani wawili na wahudumu wanne, maana kanuni nyingi zinadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Ukiandika "wahudumu sita", msomaji anaona sita wa kugawa chai.
Na hiyo chai isikudanganye. Tulichofundishwa hasa ni kutoa watu. Ndege kubwa ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba ikijaa, wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa nusu ya milango tu. Neno "mhudumu" halibebi hata robo ya hayo, lakini ndilo tulilopewa.
Andika "wafanyakazi sita wa ndege".

Ngalawa
Hapo umeingiza na fundi na wapakia mizigo, wote wamebaki chini!
Shida ni ya lugha. Rubani ni neno la baharini, limetoka Kiarabu: mjuzi wa miamba na mikondo, anayekiongoza chombo. Akapandishwa ndege. Nahodha naye, wa Kiajemi, wapo wanaomwita hivyo rubani mkuu. Ila "mabaharia", neno la kuwakusanya wote, lilibaki bandarini. Na usijaribu "wanaanga", hao ni wa roketi. "Wanahewa" ni askari.

Mkanda Kiunoni
Basi agawe: marubani wawili, wahudumu wanne.

Mfasiri wa Usiku
Habari niliyopewa inasema sita tu, haikuwagawa. Wawili kwa wanne ningekuwa nakisia, na ndege nyingine hubeba rubani wa ziada. Nimeandika "abiria 180 na wafanyakazi sita waliokuwa ndani". Imepita. Ila mhariri kauliza kama abiria walikuwa nje.