WhatsApp, Moodle au akili mnemba: tuanze na kipi kufundishia Kiingereza chuoni?

MwalimuTemeke
Wakuu habari za jioni. Nafundisha stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Dar. Darasa lina wanafunzi 180, kipindi ni saa mbili kwa wiki. Kila mmoja akisimama kuongea dakika moja tu, muda unaisha na watu 60 hawajafungua mdomo.

Sarufi wanaijua. Wape mtihani wa kujaza nafasi, wanafaulu. Mwambie mtu aeleze kwa Kiingereza amefikaje chuo leo, anainamisha kichwa. Wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari wakakutana na Kiingereza kila somo, wakamaliza kidato cha sita kwa kunakili ubaoni. Inaniuma, kwa sababu wana mengi ya kusema.

Natakiwa kupendekeza teknolojia ya kuanzia muhula ujao. Mezani zipo tatu: Moodle (mfumo wa kompyuta wa kuweka masomo na majaribio), WhatsApp, na akili mnemba kama ChatGPT. Wengi wana simu janja ila bando ni shida, na wachache bado wana viswaswadu. Mliotumia, nipeni uzoefu.

FundiSeva
Mkuu, Moodle watu wanaisingizia. Ni programu huria, leseni hailipiwi, ipo tangu 2002, na si lazima muwe na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja ya chuo, unaunganisha na ruta ya WiFi, wanafunzi wanaingia kwa simu zao bila kuchoma hata MB moja. Majaribio inasahihisha yenyewe na alama zinabaki. Kwa watu 180 hilo si jambo dogo. Tafuteni tu betri ya akiba, umeme ukikatika kazi isisimame.

MwlKigamboni
Kuhusu alama uko sahihi, lakini shida ya mleta mada ni midomo. Moodle itasahihisha vizuri kile ambacho vijana wake tayari wanakiweza.

Mimi niko upande wa WhatsApp, na nieleze ninavyofanya. Siwaweki wote grupu moja, maana humo wataongea walewale watano na waliobaki watasoma kimya. Nawagawa sita sita. Jumatatu natuma picha moja, mfano abiria wanaogombea kupanda mwendokasi pale Kimara. Kila mmoja anarekodi voisi ya dakika moja kueleza anachokiona, halafu anamuuliza mwenzake swali, naye anajibu kwa voisi. Kusoma karatasi hairuhusiwi. Anayesoma utamjua tu, sauti inanyooka haina kusita.

Faida kubwa ni hii: mtu anarekodi, anajisikiliza, hajaridhika anafuta, anarudia. Binti ambaye darasani hasikiki hata akiitwa jina, kule anarudia mpaka aone imekaa sawa. Huko kurudia ndiko kujifunza kwenyewe, na hakuna wa kumcheka. Bando pia linatosha. Voisi ya dakika moja haifiki hata MB moja, wakati saa moja ya Zoom yenye video inakula mamia ya MB, na Zoom ya bure inakata dakika ya 40.

BintiMbagala
Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili, naomba nichangie. Grupu letu la Kiingereza liliishia kuwa la matangazo ya CR (kiongozi wa darasa), kwa hiyo hayo makundi madogo nayaunga mkono kabisa.

Kilichonisaidia mimi ni podikasti. BBC Learning English wana 6 Minute English, na maandishi yake yapo. Nashusha kwa WiFi ya chuo, nasikiliza kwenye daladala, usiku nasoma maandishi nione ni wapi sikusikia vizuri.

Ila wenye viswaswadu msiwasahau. Kila kundi liwe na mtu aliye tayari kumwazima mwenzake simu.

MkaziwaIlala
Hakuna aliyegusa matamshi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamishia kwenye Kiingereza: "development" inatoka develOPment, na msikilizaji mgeni anapotea. Irabu zetu ni tano tu, ndiyo maana ship na sheep zinatoka sawa.

Kwa hili nawafanyisha zoezi la kuandika kwa sauti. Chagua Kiingereza kwenye kibodi ya simu, gusa alama ya maikrofoni, tamka sentensi, simu inaandika ilichosikia. Kibodi ya Google inafanya hivyo hata bila intaneti ukishashusha lugha. Mtu akitaka kusema sheep ikaandikwa ship, anajionea mwenyewe. Lakini mashine isitoe alama, kwani lafudhi yetu mara nyingine inaishinda. Tunataka kijana aeleweke, si lazima asikike kama mtu wa London.

Kinondoni_B
Wapo walimu wanaotaka akili mnemba ipigwe marufuku, sikubaliani nao. ChatGPT ilifunguliwa Novemba 2022, na vijana wanaitumia mwalimu ajue asijue. Ubaya wake ni kwamba unaipa barua mbovu, inakurudishia barua nzuri, na wewe uko palepale.

Wangu nawapa maneno ya kuiambia: "Usinirekebishie. Nionyeshe mstari wenye kosa na aina ya kosa, nitarekebisha mwenyewe." Aliyeandika *My mother he is sick* anaambiwa aangalie kiwakilishi. Inabidi akae afikiri. Kisha analeta rasimu zote mbili, na mimi nasahihisha ile tofauti.

FundiSeva
MwlKigamboni, kwa kuongea nimekubali. Lakini voisi 180 ni saa tatu za kusikiliza kila wiki. Utazipata wapi?

MwlKigamboni
Usisikilize zote. Makundi ni 30. Kila wiki chagua 10 bila kuwaambia ni yapi. Hiyo ni saa moja, ukiacha majibu yao. Rekebisha kosa moja tu kwa kila mtu, lile linalozuia asieleweke, na umjibu kwa voisi vilevile. Ukimrundikia makosa saba, wiki ijayo harekodi.

MwalimuTemeke
Nashukuru sana wadau. Napendekeza makundi ya WhatsApp ya watu sita sita kwa kuongea, na Moodle ya ndani kwa majaribio na kuwawekea podikasti. Akili mnemba itangoja tufike kwenye uandishi. Limebaki moja: kuna mabinti hawapendi namba zao zionekane na kundi zima.

Kinondoni_B
Hamisha makundi Telegram. Kwenye mipangilio ya faragha mtu anaweka namba yake isionekane na yeyote, anabaki na jina la mtumiaji, na voisi zinafanya kazi vilevile. Waonyeshe siku ya kwanza darasani, kila mtu simu mkononi, kabla hujatuma kiungo cha kujiunga.