Kiwanda cha karatasi cha Webuye: je, kilianguka kwa usimamizi mbaya tu?

Mtafiti wa Magharibi: Salaam, wanajamvi. Ninaandika historia ya viwanda vya magharibi mwa Kenya na nimefikia kiwanda cha mji wa Webuye, Pan African Paper Mills (Pan Paper), kampuni iliyoundwa mwaka 1969 na kuanza kutengeneza karatasi mwaka 1974. Wengi huamini kwamba kilichoifunga mwaka 2009 ni usimamizi mbaya pekee. Je, maelezo hayo yanatosha?

Mkaazi wa Bungoma: Hayatoshi, ndugu. Webuye ilichaguliwa kwa sababu ya maji ya mto Nzoia, reli iendayo Uganda, na misitu ya misonobari na miberoshi iliyopandwa na serikali kwenye nyanda za juu. Serikali hiyo hiyo ilikuwa na hisa pamoja na Orient Paper Mills ya India na IFC, shirika la Benki ya Dunia linalowekeza katika kampuni binafsi, kwa hiyo aliyeuza magogo alikuwa pia mwenye kiwanda. Mwaka 1999, ukataji wa miti ulipopigwa marufuku katika misitu ya serikali, Pan Paper ilikuwa miongoni mwa kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea. Kwa maoni yangu, ukaribu huo ulikilinda kiwanda kwa miaka mingi dhidi ya gharama halisi ya mali ghafi yake, na ndiyo maana madeni, yakiwemo ya umeme, yalipokilemea, hakikuwa na nguvu ya kusimama chenyewe.

Fundi Mstaafu: Naongeza jambo ambalo wanahistoria hulipita haraka. Vipande vya miti vilipikwa kwa magadi makali na kemikali za salfa ili nyuzi zitengane, na gesi iliyotoka ilienea mjini kote, ikala mabati ya nyumba hadi yakatoboka, huku wakaazi wakilalamikia vifua na maji machafu ya mto. Watu walivumilia kwa sababu mishahara ya kiwanda ndiyo iliyolisha maduka, shule na nyumba za kupanga. Ukiandika juu ya mapato bila kuandika juu ya mabati hayo, utakuwa umeandika nusu ya historia.

Mtafiti wa Magharibi: Nashukuru sana. Na baada ya kufungwa?

Mkaazi wa Bungoma: Serikali ilijaribu kukifufua bila mafanikio ya kudumu, kisha mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la kampuni za Rai kwa shilingi milioni 900.