Ushauri: mlango wa MG TD unashuka upande wa kitasa, nitie skrubu ndefu?

Mwana_Tanga
Wakuu, habari za leo. Najenga upya MG TD ya 1951, gari dogo la michezo la Kiingereza, lile lenye kiunzi cha mti chini ya bati. Nguzo za milango zilikuwa zimeoza, nimezibadilisha kwa mninga. Mlango wa kulia ukiufunga, ncha ya kitasa iko chini kwa milimita 6 na ulimi wa kitasa unagonga ukingo wa sahani ya kuudakia kwenye nguzo badala ya kuingia. Nimeshanunua skrubu za inchi 2 za chuma kisichoshika kutu. Nikikaza bawaba kwa hizo si utapanda? Ama nipige randa chini yake? Kuna haraka kidogo.

Mzee wa Patasi
Skrubu ndefu haipandishi mlango, inashika tu pale ulipo. Na randa usiiguse. Kwa skrubu namba 10 kwenye mti mgumu, toboa kwanza kwa biti ya milimita 3.2, kisha panua sehemu ya shingo iwe milimita 5. Mninga usipotobolewa kwanza unapasuka kwa kufuata nyuzi. Paka nta, si sabuni. Sabuni inavuta unyevu. Kama skrubu za mwisho ni za shaba, ingiza kwanza ya chuma ya saizi hiyohiyo ichonge njia, ndipo ya shaba ifuate. Bila hivyo kichwa kinakatikia mkononi.

Kipimajoto
Mninga umechagua vizuri, hauchezi sana na unyevu wa pwani. Ila vumbi lake linawasha kifua na ngozi, vaa barakoa. Mvule nao ni hivyohivyo.

Bawaba_Tatu
Mnajibu maswali ambayo hajauliza. Mkuu, bodi ya gari imekaa juu ya nini?

Mwana_Tanga
Bodi iko sawa, nimeipima kwa pima maji.

Bawaba_Tatu
Sijauliza kama iko sawa. Imekaa juu ya nini?

Mwana_Tanga
Juu ya magogo manne. Chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, bado iko kwa fundi wa kuchomea. Lakini magogo yote yana urefu mmoja, na bodi imeshapigwa bati na koti mbili za rangi, kwa hiyo kuirudisha nyuma sitaki. Nataka tu suluhisho la bawaba.

Bawaba_Tatu
Ugonjwa ndio huo. Kiunzi cha mti hakijitegemei, kinapata umbo lake chesisi inapokishika. Utaratibu ni kufunga bodi kwenye chesisi kwa bolti zote na shimu zake (vipande vyembamba vya kuinulia), chesisi ikiwa imekanyaga magurudumu yake, kisha unaning'iniza milango ikiwa mti mtupu, halafu bati, halafu kitasa, na rangi mwisho. Bati lina unene wake: likikunjwa ukingo wa mlango na ukingo wa nguzo, milimita 2 hivi za pengo zimekwisha. Wewe umeanzia mkiani.

Sungura wa Mjini
Ameoa kwanza, mahari atatoa baadaye 😂

Mzee wa Patasi
Jambo la usalama sasa. TD bawaba zake ziko nyuma, mlango unafungukia mbele. Ulimi ukiachia gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaudaka mlango na kuung'oa pamoja na nguzo. Kwa hiyo sahani ya kudakia ulimi usiishike kwa skrubu za mti peke yake. Tia bolti mbili zinazopenya nguzo, na nyuma yake kipande cha bati nene chenye matundu yaliyokatwa nyuzi za bolti.

Mkosoaji Mkuu
Samahani, mimi huu uzi siuamini. Ile picha aliyotuma kwenye uzi wa matairi ina rimu za spoku. TD ilitoka kiwandani na rimu za bati. Spoku ni za TC, MG iliyotangulia TD, na baadaye TF iliyoifuata, kwa aliyetaka. Huyu ana picha ya mtandaoni na hadithi ya mninga. Tunachoshwa bure.

Sungura wa Mjini
Nami nilijiuliza, fundi gani anapiga rangi kabla ya chesisi? Ila hao wapo, tena wengi.

Mwana_Tanga
Mkuu, habu (vitovu vya magurudumu) zilibadilishwa na mwenye gari wa kabla yangu. Gari ni TD, mbele ina springi za koili na si ekseli nzima kama TC. Mkitaka vipimo semeni nipime nini, nipo hapa karakana.

Bawaba_Tatu
Pima mshazari wa uwazi wa mlango, kona hadi kona, njia zote mbili. Kisha pitisha fimbo nyoofu kwenye matundu ya pini za bawaba zote mbili. Isipopita bila kulazimishwa, bawaba haziko kwenye mstari mmoja, na mlango utakuwa unapigana nazo kila ukifunguliwa.

Mwana_Tanga
Fimbo inapita. Mishazari inatofautiana kwa milimita 11. Upande wa kushoto ni 2 tu.

Mkosoaji Mkuu
Haya, hizo namba si za kubuni. Mtu wa kutunga angesema sifuri kushoto.

Bawaba_Tatu
Nguzo ya kulia imelala, basi. Bawaba usiziguse. Chesisi ikirudi, funga bodi bila kukaza, kaza bolti kidogokidogo huku unapima mishazari. Ncha ikiwa bado chini, punguza shimu chini ya nguzo ya mbele au ongeza chini ya nguzo ya bawaba, milimita 1 kila mara. Tofauti ikishuka chini ya 3, hapo ndipo uguse bawaba: ya juu irudi nyuma kidogo, au ya chini isogee mbele. Kama upana wa mlango ni mara tatu ya umbali kati ya bawaba, kusogeza milimita 1 kunapandisha ncha milimita 3. Sahani ya kitasa iwe ya mwisho: paka ulimi masizi ya mshumaa, funga mlango taratibu, alama itakuonyesha pa kutoboa.

Mzee wa Patasi
Matundu ya zamani ukiyaziba, usitie kijiti cha duara kinachofuata nyuzi, skrubu haishiki kwenye ncha za nyuzi. Kata kizibo kinachokatisha nyuzi, gundisha kwa epoksi.

Mwana_Tanga
Nimewaelewa. Lakini hii rangi, nikikaza bolti haitapasuka?

Bawaba_Tatu
Itapasuka. Kona ya juu ya nguzo ya bawaba, pale bati lilipokunjwa, ndipo itakapoanzia. Ukinunua rangi ya kurudia, nunua ya pande zote mbili, koti jipya halitalingana na lile la zamani.

Mwana_Tanga
Na skrubu za inchi 2?

Mzee wa Patasi
Pima unene wa nguzo kwanza. Ncha isitokee upande wa pili.