Njiti wangu ananyonya dakika tano analala, uzito hausogei, nifanyeje?

mama_wiki31:
Habari zenu jamani, naomba mawazo maana nimefika mwisho. Mwanangu nilijifungua wiki ya 31, akatoka na gramu 1,450, tukakaa wodi ya njiti karibu wiki sita, kwanza mpira wa puani, halafu kikombe, halafu ndo akajua titi. Sasa ana wiki 11 toka azaliwe na shida ni uzito. Kliniki ya juzi gramu 2,650, wiki mbili kabla alikuwa 2,580, yaani gramu 70 kwa wiki mbili nzima!! Nikimweka kwenye titi ananyonya vizuri dakika tano hivi, kisha macho yanalegea, kangumi kanafunguka, mkono unaning'inia, keshalala. Nimlaze, baada ya dakika 20 analia tena. Anacheua pia ila sio kila mara. Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi nimwanzishie chakula laini, na wifi yangu tuliyejifungua wiki moja wa kwake ana kilo tano na ushee, tukikutana tu watu wanaanza kuwapima kwa macho. Ni maziwa yangu kweli?

MamaPacha_29:
Pole mama, na hongera, maana kutoka mpira wa puani mpaka titi sio safari ndogo.

Kwanza huyo wa wifi mweke pembeni kabisa. Mwanao hana wiki 11 kwa hesabu za ukuaji. Mimba ni wiki 40, yeye alikosa 9, toa 9 kwenye 11, ana wiki 2. MBILI. Unamlinganisha mtoto wa wiki mbili na wa miezi miwili na nusu halafu unashangaa. Dokta wetu alikuwa anauita umri uliorekebishwa na tuliutumia mpaka walipofika miaka miwili, sio kwenye uzito tu, hata kukaa na kutembea. Mimi nilikuwa nimeuandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi ya kliniki ili mtu akianza maneno namwonyesha tu, sibishani.

Pili huyo hashibi, anachoka. Wangu mmoja alikuwa hivyo hivyo, kunyonya kwake ni kama mtu mzima kupanda mlima, anakula huku anachoma alichokula. Nilichofanya, namvua nguo abaki na nepi, namsugua nyayo, akilegea nabinya titi taratibu maziwa yamfuate, akimeza anashtuka anaendelea. Ikifika nusu saa nasimamisha hata kama anachezea chezea, maana baada ya hapo ni mazoezi tu sio chakula. Kisha nakamua kilichobaki nampa kwa kikombe. Ndio, ni kazi, kuna siku nilikamua nikasinzia chombo kikamwagika chote mapajani nikalia kuliko siku niliyojifungua.

kaka_mnyoofu:
Mpe maziwa ya kopo umalize, mnajitesa bure.

Nesi_wa_Zamu:
Kaka, kwa baadhi ya watoto kopo linahitajika kweli ila hilo anaamua anayemwona mtoto, sio sisi hapa. Na likitumika linachanganywa kama lilivyoandikwa. Nimeona watu wanazidisha unga ili anenepe, figo za njiti haziwezi hiyo, na wengine wanazidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi.

Mama, nina swali kabla ya kuogopa. Alipimwaje mara zote mbili? Mizani ileile? Mtupu au na nguo? Kwa mtoto wa kilo mbili na nusu nepi iliyolowa inaweza kula faida ya wiki nzima. Apimwe mtupu, mizani moja. Umri wake huu tunapenda kuona kama gramu 20 mpaka 30 kwa siku.

Maziwa mepesi hakuna, ila kuna maziwa ya mwanzo na ya mwisho, ya mwisho ndo yenye mafuta mengi, na anayelala dakika ya tano hayafikii. Kama maziwa yako ni mengi kamua kidogo ya mwanzo weka pembeni, halafu ndo umnyonyeshe. Ukimkamulia mlo mzima kwa kikombe, kwa uzito wake tunakadiria mililita 150 mpaka 180 kwa kila kilo kwa siku, yaani kama 50 mpaka 60 kwa mlo mmoja akila mara 8. Usiku muamshe, usisubiri masaa matano eti kalala vizuri. Akimaliza mbeulishe, mshike wima dakika 20 hivi, kucheua kutapungua.

Chakula laini bado KABISA. Kinajaza tumbo dogo na kitu chenye nguvu kidogo kuliko maziwa, na koo lake halijawa tayari.

Uliza pia kuhusu damu na madini ya chuma. Njiti huondoka tumboni kabla hawajajiwekea akiba, damu ikipungua mtoto anachoka haraka kwenye titi. Na akitoka jasho kichwani akinyonya, akipumua mbio, kifua kikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, akikataa kula au mwili ukiwa wa baridi, usisubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo.

BabaWaKifuani:
Mimi ni baba naongeza moja tu, kangaruu, yaani kumbeba njiti kifuani, haiishii wodini. Mke wangu akilala mimi namweka kifuani ngozi kwa ngozi, kofia, soksi, nguo juu. Mtoto anayepigana na baridi anatumia maziwa yake kujipasha moto. Kitu chenyewe kilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu inkubeta, zile mashine za kuwapa njiti joto, hazikutosha, leo hata wenye inkubeta nyingi wanatumia. Wangu alipokua akaanza kunisukuma na miguu anataka kutoka, nikajua basi muda umeisha. Nilisikitika kidogo nisiwadanganye.

mama_wiki31:
Nimerudi, leo siku ya nane toka kliniki ile. Nesi ulikuwa sahihi, mara ya kwanza alipimwa na nepi na kisweta, ya pili mtupu! Nimevipima jikoni, gramu 120. Kwa hiyo ile 70 ilikuwa 190. Bado kidogo lakini nilipumua.

Walimpima damu, iko chini, kapewa matone ya chuma. Jasho hamna, moyo wameusikiliza wamesema sawa. Nakamua ya mwanzo, nambinyia, nusu saa nasimamisha, nabakizia kikombe. Kikombe anakunywa kama paka, analamba na kamate kanashuka shingoni, natega kitambaa. Jana mtupu, mizani ileile, 2,780. Gramu 130 kwa siku saba. Dokta kasema bado tunataka zaidi, turudi Jumatatu.

Mama mkwe nimemwonyesha kadi yenye kalamu nyekundu. Kaangalia, kanyamaza, kisha kaniuliza kama na yeye anaweza kumweka kifuani. Nimemkabidhi na kofia, mimi nikaenda kulala.

MamaPacha_29:
Lala mama. Jumatatu tuambie.