Mliouziwa "hifadhi" ya barua pepe, zikagueni faili zenu kabla seva ya zamani haijafungwa

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naleta malalamiko haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ofisi yetu inafanya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi maagizo ya wateja, ankara, hati za shehena na majibizano kuhusu ushuru yamepita kwenye barua pepe. Tulipoamua kuhamia kwa mtoa huduma mwingine, mtengeneza programu mmoja alilipwa aandike programu ya kuzitoa barua zote kwenye seva ya zamani na kuziweka kwenye diski. Alikabidhi folda iliyojaa faili za maandishi, akachukua malipo yake, na akaunti za zamani zikafungwa, isipokuwa moja ya tawi la Tunduma. Sasa barua hizo zinahitajika katika mgogoro na mteja, na tulichonacho mkononi ni mabaki.

Nimeisoma skripti yake, yaani maandishi ya programu yenyewe, mstari kwa mstari. Kosa kubwa kuliko yote ni kwamba kila barua ameichambua, akachukua sehemu ya kwanza ya maandishi matupu, na vingine vyote akavitupa. Barua inapotoka kwenye seva huja kama mfuatano mmoja wa baiti: juu kuna mistari ya kichwa, chini kuna mwili, na viambatisho vimo ndani ya mwili huohuo vikiwa vimegeuzwa kuwa herufi kwa mtindo wa base64. Mistari ya kichwa ndiyo yenye Message-ID, yaani utambulisho wa pekee wa barua, yenye mistari ya Received inayoonyesha barua ilipitia seva zipi na saa ngapi, na yenye DKIM-Signature, ambayo ni sahihi ya kidijiti ya upande uliotuma. Sahihi hiyo hukokotolewa kutokana na mwili pamoja na mistari kadhaa ya kichwa, kwa hiyo ukishavivuruga hivyo hakuna tena cha kuithibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inapoeleza namna ya kupima ushahidi wa kielektroniki, inataka kuangaliwa jinsi taarifa ilivyotunzwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Je, faili la maandishi lisilo na jina la seva hata moja litajibu lipi kati ya hayo?

Nilipompigia simu aliniuliza: "Kwani maandishi si yapo?" Hayapo. Barua zilizokuja kwa HTML pekee, yaani mtindo wa kurasa za wavuti, zimehifadhiwa kama faili tupu. Barua za wauzaji wa Guangzhou, Uchina, ambazo nyingi zilisimbwa kwa GB2312, mfumo wa kusimba herufi za Kichina, amezisoma kwa nguvu kama UTF-8, mfumo mwingine kabisa, huku akiiamuru Python, lugha aliyoandikia programu, iruke kila herufi isiyoeleweka, na matokeo yake majina ya bidhaa na ya viwanda yamefutika na kubaki tarakimu zinazoelea bila maelezo. Kuhusu viambatisho, alidai kwamba vingejaza diski. Base64 hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, yaani huongeza takriban theluthi moja ya ukubwa, na faili lote zima lingeweza kubanwa kwa programu ya gzip bila kupoteza hata baiti moja. Kwa hiyo hoja ya nafasi ni kisingizio.

Kuna na hili la majina ya faili. Kila faili amelipa jina kutokana na mada ya barua. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kwamba barua nyingi huitwa "Re: Ankara", na kila barua mpya yenye mada hiyo imeandikwa juu ya ile iliyotangulia, kimyakimya, mpaka ikabaki ya mwisho peke yake.

Lakini lililonikosesha usingizi liko kwenye kitanzi cha programu yenyewe. Aliziomba barua kwa namba za mfuatano badala ya UID, ambayo ni namba ya kudumu ya kila barua, na baada ya kuihifadhi kila moja akaiwekea alama ya kufutwa na kutuma EXPUNGE, amri ya kuziondoa kabisa zilizowekewa alama hiyo, hapohapo, ndani ya kitanzi, eti kuisafisha seva. Katika IMAP, utaratibu ambao programu hutumia kuzungumza na seva ya barua, barua ikishaondolewa, zote zinazoifuata hushuka namba moja. Akishaifuta ya 1, iliyokuwa ya 2 inakuwa ya 1, naye anaendelea kuomba ya 2, ambayo hapo awali ilikuwa ya 3. Hivyo katika kila folda barua moja ilichukuliwa na iliyofuata ikarukwa, mpaka namba zikazidi idadi ya barua zilizobaki na seva ikaanza kurudisha makosa. Makosa hayo aliyafunika kwa "except: pass", maneno ya Python yanayoiamuru programu ipuuze kosa na kuendelea. Karibu nusu ya barua zetu hazikuwahi kugusa diski, na akaunti zilizokuwa nazo zimefungwa.

Najua mbegu ya uzembe huu inatoka wapi. Mfano unaonakiliwa kila mahali, ukiwemo ule mfupi wa kufundishia ulio kwenye maelezo ya imaplib, maktaba ya Python ya kutumia IMAP, huomba barua nzima kwa jina la RFC822, na kwa mujibu wa RFC 3501, waraka wa kanuni za IMAP wa mwaka 2003, ombi hilo huiwekea barua alama ya \Seen, yaani imesomwa. Ndiyo maana kwa mfano huo barua ambazo hazijafunguliwa huishia kuonekana zimesomwa. Ombi la BODY.PEEK[] huleta baiti zilezile bila kugusa alama yoyote, na folda ikifunguliwa kwa EXAMINE, amri ya kufungua kwa kusoma tu, seva yenyewe haitaruhusu mabadiliko. Mfano wa kufundishia una haki ya kuwa mfupi. Mtu anayepokea fedha kwa kazi ya kutunza kumbukumbu za ofisi hana haki ya kuubandika kama ulivyo.

Nimemwandikia nikidai fedha zirudishwe zote. Wakati huohuo natafuta mtu wa kuihifadhi akaunti ya Tunduma, na masharti nayaweka hadharani ili na wengine wayadai. Folda zifunguliwe kwa kusoma tu. Barua ziombwe kwa UID na BODY.PEEK[], na baiti ziandikwe jinsi zilivyofika katika faili la .eml, moja kwa kila barua, lililofunguliwa kwa "wb", yaani kuandika baiti bila kuzibadilisha, kwa sababu hali ya maandishi kwenye Windows huharibu miisho ya mistari. Jina la faili litokane na folda, UIDVALIDITY (namba inayobadilika seva ikizipa barua za folda UID mpya) na UID, kwani UID bila UIDVALIDITY haina maana seva ikizipanga barua upya. Sitaki mbox, mtindo wa kuzirundika barua zote katika faili moja, ambayo kwa kawaida huongeza alama ya > mbele ya mstari wa mwili unaoanza na "From ". Kila faili liandikwe kwanza kwa jina la muda, lisukumwe mpaka kwenye diski kwa amri ya fsync, ndipo libadilishwe jina, jambo ambalo Maildir, mtindo wa kuhifadhi kila barua katika faili lake, imekuwa ikilifanya siku zote kwa folda zake za tmp na new. Ukubwa wa kila faili ulinganishwe na RFC822.SIZE, yaani ukubwa unaotajwa na seva, idadi ilinganishwe folda kwa folda, na sahihi za DKIM zikaguliwe siku hiyohiyo, maana mtumaji anaweza kuuondoa ufunguo wake wa kuthibitishia sahihi kwenye DNS, orodha ya majina ya mtandao, wakati wowote. Nenosiri lisiandikwe ndani ya skripti, kama lilivyoandikwa kwenye hii niliyonayo. Kufuta hakumo katika kazi hii; tutafuta wenyewe, kwa mkono, baada ya kuzikagua nakala.

Anayeweza kuyakubali masharti haya kwa maandishi aniandikie ujumbe wa faragha, aambatanishe ripoti ya makosa kutoka kazi aliyowahi kuifanya. Atakayeniambia kwamba programu yake haijawahi kutoa kosa hata moja, sitamjibu.